Tukiachana, Mtoto Alale kwa Nani?

Hotuba ya mwalimu wa maandalizi kwenye kikao cha wazee, Wete, Pemba

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Sheha, masheikh wetu, walimu wenzangu, mama zangu na baba zangu, na nyinyi mabibi mliokuja na wajukuu: ahsanteni kwa kuitika mwito. Najua wapo walioacha karafuu juani na wapo waliofunga biashara ili wafike hapa. Mungu awalipe.

Nimeombwa nizungumze juu ya malezi. Malezi ni mapana, na mimi nimechagua sehemu moja ambayo hapa kwetu huzungumzwa kwa kunong'onezana barazani na jikoni: mtoto mdogo ambaye wazee wake wameachana. Sikuja kusema nani alimkosea nani. Hilo lina kadhi wake, na lina Mola wake. Nasema juu ya yanayofuata, pale talaka imeshatoka, mama amesharudi kwao na vyombo vyake, na katikati yao yupo mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne, ambaye yeye hakuacha wala hakuachwa.

Ninalotaka kulisema ni hili. Siku za mtoto kuwa na mama yake na siku zake za kuwa na baba yake zipangwe mapema, ziandikwe, na zisifungwe kwenye pesa. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Nianze na hiyo pesa, kwa sababu ugomvi mwingi hukaa hapo. Mama anasema: "Tangu mfungo mosi hajaleta hata kilo ya mchele, leo aje kumwona mtoto kwa lipi?" Baba naye anasema: "Kila nikienda naambiwa mtoto kalala, mtoto kaenda chuoni, mtoto yuko kwa bibi yake. Basi na mimi sitoi kitu mpaka nimwone." Kila mmoja ukimsikiliza peke yake unamwonea huruma, na kila mmoja anajiona ana haki. Ukienda kumtazama mtoto, viatu vya skuli vimembana vidole, na sura ya baba yake ameanza kuisahau. Amenyimwa viwili kwa pamoja.

Jamani, hayo ni madeni mawili, na mdai ni mtoto. Baba aliyezuiwa kumwona mtoto bado anadaiwa chakula, nguo na dawa za mtoto. Mama asiyeletewa matunzo bado hana ruhusa ya kumkatia mtoto baba yake. Baba asipotoa, mama ana pa kwenda: kwa sheha, kwa msaidizi wa sheria wa shehia, ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, na mahkama ya kadhi. Hizo ndizo njia za kudai matunzo. Kumfungia mtoto ndani siku ya baba yake hakujaleta mchele kwa mtu yeyote ninayemjua.

Na nyinyi baba zangu na kaka zangu, niwaambie bila ya kuficha. Kwa niliyoyaona mimi, mara nyingi mlango wa mama hufungwa baada ya mfuko wa baba kufungwa. Mtu anakaa miezi, hapeleki kitu, hapigi simu, kisha anakuja siku ya sikukuu na gauni la kumetameta na biskuti, anataka apewe mtoto amtembeze watu wamwone. Kama huna pesa nyingi, peleka ulichonacho. Peleka samaki, muhogo, sabuni, daftari. Ukipeleka pesa taslimu, andikeni mahali. Ukituma kwa simu, usifute ujumbe. Mahkamani neno tupu huwa zito kulithibitisha, hata ukiwa mkweli.

Sasa wapo watakaosema haya ya kugawana siku za mtoto ni mambo ya kigeni, yameletwa na watu wa semina. Masheikh wapo hapa, watanisahihisha nikikosea. Tufungue Suratul Baqara, aya ya 233. Aya ile inataja mama kunyonyesha miaka miwili kamili, inamwekea baba chakula na mavazi yao kwa wema, kisha inakataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe na inakataza baba kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe. Halafu inasema, wakitaka kumwachisha ziwa kabla ya muda huo, basi iwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Na Suratut Talaq, aya ya 6, inazungumza waziwazi juu ya mama aliyekwisha kuachwa anayemnyonyesha mtoto: apewe ujira wake, nao washauriane kwa wema. Tazameni hapo. Kumwachisha mtoto ziwa tu kunataka shauri la wawili, na watu hao wameshaachana. Sisi leo mtoto anahamishwa Wete kupelekwa Mkoani, anabadilishwa skuli, na mzazi wa pili anasikia kwa watu sokoni.

Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa ndiyo tunayoyafuata, mtoto mdogo hukaa na mama mpaka afikie umri wa kupambanua, ambao kwa kawaida huhesabiwa miaka 7, kisha huchaguzwa. Hili kila mtu hulisema. Linalosahauliwa ni lile la baadaye. Mtoto wa kiume akimchagua mama, mafakihi wameandika kwamba usiku hulala kwa mama, na mchana huwa na baba yake, amfunze adabu na kazi. Akimchagua baba, baba hana ruhusa ya kumzuia asimzuru mama yake. Kwa hivyo usiku kwa mama na mchana kwa baba si jambo la semina. Limo katika fikihi yetu tangu zamani, na sisi tumechagua kuchukua ile nusu inayosema "mtoto wangu" na kuiacha ile nusu ya pili.

Sheria nayo haiko mbali na hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unasema katika kifungu cha 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, ila kama kuonana huko kunamdhuru. Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, ambayo inatanguliza maslahi ya mtoto, na tuna Sheria ya Mahkama ya Kadhi Namba 9 ya 2017. Sitakaa sana hapo. Wasaidizi wa sheria wapo hapa ukumbini, wataeleza vifungu vizuri kuliko mimi. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, niacheni nirudi kwa watoto.

Mtoto wa miaka minne hajui wiki ni nini. Ukimwambia "baba atakuja Jumamosi", Jumamosi kwake ni neno tu. Anajua leo, anajua jana, anajua kulala na kuamka. Kwa mtoto wa umri huo, mwezi mmoja bila ya kumwona baba au mama ni kama yule mtu ameondoka duniani. Ndiyo maana nasema kwa mtoto mdogo, mara nyingi na muda mfupi ni bora kuliko mara moja na muda mrefu. Baba anayepita kila baada ya siku mbili tatu, akakaa barazani nusu saa, akamlisha mwanawe, akamwogesha, huyo mtoto atamjua. Baba anayekuja mara mbili kwa mwaka na kumchukua mwezi mzima, mtoto atamlilia kila usiku, kisha watu watasema mtoto hampendi baba yake.

Nikwambieni ninayoyaona darasani. Kuna asubuhi mtoto anaingia, wenzake wanatundika mikoba kwenye misumari, yeye hatundiki. Anakwenda kukaa karibu na mlango na mkoba wake mgongoni. Ukimwita kwenye mkeka haji. Ukimpa uji anakunywa na mkoba mgongoni vilevile. Ukimkalia karibu, ukanyamaza naye, mwisho anauliza: "Mwalimu, leo nnachukuliwa na nani?" Swali lake ni hilo tu. Hajaniuliza wazee wake wameachana kwa nini, wala nani anampenda zaidi. Anataka kujua saa ya kutoka atamwona nani pale getini. Na mara nyingi mimi mwenyewe siwezi kumjibu, kwa sababu nyumbani hawajaamua, au wameamua na wakageuza usiku kwa simu ya matusi.

Mtoto huyo akijibiwa kila siku, na jibu likawa la kweli, baada ya muda mkoba anautundika.

Sasa kwa mtoto anayenyonya, sikubaliani kabisa na wanaotaka kumgawa wiki huku na wiki kule. Huyo alale kwa mama yake, na baba amfuate alipo, kila apatapo nafasi, na ahakikishe mama anakula vizuri maana mtoto anakula kupitia kwa mama. Akishaacha ziwa, akafika miaka mitatu, aanze kulala kwa baba usiku mmoja, nyumba ambayo ameshaizoea mchana. Akizoea, ziwe siku mbili. Hakuna haja ya kukimbilia nusu kwa nusu. Hesabu ya siku sawasawa huwafurahisha wakubwa. Mtoto anatazama nani anajua kwamba yeye hali mayai na anaogopa kulala bila ya taa.

Nawapa mfano mmoja wa mpango uliofanya kazi. Majina siyataji. Mama anakaa hapa Wete, baba ni mvuvi wa dagaa wa Tumbe. Walipoachana mtoto alikuwa na miaka mitatu. Wazee wa pande mbili walikaa, wakasema kama watu wote wanavyosema: "Basi baba amchukue Jumamosi na Jumapili." Ikaonekana ni uamuzi wa haki. Haukudumu. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Jumamosi ikiangukia kwenye giza, baba ametoka baharini alfajiri, ameuza, amelala kama maiti, na mtoto anacheza peke yake uwanjani kwa watu. Mama akasikia, akasema basi, haendi tena. Baba akasema mnaninyima mtoto wangu. Karibu warudi kwenye matusi.

Aliyewaokoa ni babu wa mtoto, mzaa baba, mvuvi wa zamani. Yeye aliuliza: "Mwezi ukipevuka nani anakwenda dagaa?" Hakuna. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawaifuati taa, vyombo vinapumzika, watu wanashona nyavu. Basi wakaandika kwa mwezi mwandamo: kuanzia tarehe 13 mpaka 16, mtoto analala kwa baba. Zikiangukia siku za skuli, baba anakuja kulala kwa dada yake Limbani, mtoto anaamka kwa shangazi na anakuja skuli kama kawaida. Zikiangukia likizo, wanapanda gari wanakwenda Tumbe. Siku za giza, kabla ya kuingia baharini, baada ya sala ya alasiri, baba anapiga simu. Hazungumzi na mama. Mama anapokea, anamkabidhi mtoto simu, anatoka nje kuendelea na kazi zake.

Mtoto yule sasa anautazama mwezi. Anajua ukiwa mkubwa anakwenda kwa baba. Hajui tarehe, hajui kusoma, lakini kalenda yake anaiona juu ya paa la nyumba yao, na hakuna mtu mzima anayeweza kumdanganya.

Ndiyo maana nasema mpango utoke kwenye maisha yenu wenyewe, msiige. Kama baba ni mwashi na Ijumaa hafanyi kazi, iwe Ijumaa. Kama mama anauza sokoni asubuhi, labda asubuhi za Jumapili baba ndiye akae na mtoto, na hapo mama atapumzika na malipo ya kumwachia jirani. Kipindi cha karafuu watu wanalala mashambani, basi semeni mapema mtoto atakuwa wapi karafuu zikianza, msingoje ngazi zishasimamishwa mikarafuuni.

Kwenye karatasi yenu andikeni mambo yasiyo na utata. Mtoto analala wapi siku gani. Nani anamchukua, na kama yeye hawezi, nani mwengine ana ruhusa, kwa jina. Wapi anakabidhiwa na saa ngapi. Akiugua, abaki alipo na yule mwengine ndiye amfuate, asizungushwe na homa garini. Sikukuu nayo iandikwe, maana pale ndipo watu wazima hugombana mbele ya watoto waliovaa nguo mpya: sikukuu mosi kwa mmoja na sikukuu pili kwa mwengine, mwaka ujao mgeuze, na nani atampeleka Tibirinzi kupanda pembea muelewane kabla. Kisha matunzo, kiasi gani, kwa njia gani, lini. Yaandikwe sehemu yake peke yake, chini, mbali na siku. Nimekwisha kusema kwa nini.

Tieni saini nyote wawili, na mashahidi, mmoja kutoka kila upande. Nakala moja kwa mama, moja kwa baba, moja kwa sheha. Na mimi mwalimu naiomba ya nne, ili nikiulizwa pale mlangoni niweze kujibu. Mkitaka iwe na nguvu zaidi, ipelekeni kwa kadhi mapema, mkiwa bado mnazungumza. Kadhi kuwakuta mmeshaafikiana ni jambo jepesi kuliko kuwaamulia mkiwa mmeshakamiana.

Na mtoto anapokwenda, vitu vyake viende. Kadi ya kliniki ifuatane naye, msiifiche. Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na nimeshaona mtoto aliyerukwa kwa sababu kadi ilikuwa nyumba moja na mtoto nyumba nyengine, na kuombana kadi kukawa ni kuombana radhi. Cheti cha kuzaliwa kitolewe nakala mbili. Dawa ya pumu isibaki kabatini kwa mama huku mtoto analala Konde. Na kama ana kipande cha kanga anacholalia, hata kama kimechakaa namna gani, mtieni mkobani. Baba asikitupe akasema mwanangu si maskini. Kile kitambaa kina harufu anayoijua, na usiku wa kwanza katika nyumba nyengine hicho ndicho kitakachomlaza.

Nije kwenye makabidhiano, pale mlangoni, maana siku nzuri nzima huweza kuharibika kwa dakika mbili. Salamu. Amekula nini, amelala saa ngapi, dawa amepewa au bado. Kwaheri. Hapo si pahala pa kudaiana mahari, wala pa kumuuliza mwenzako kwa nini amevaa vizuri. Kama hamwezi kuonana bila ya kugombana, akabidhiwe kwa bibi, au aletwe skuli asubuhi na mmoja, achukuliwe mchana na mwengine. Skuli ni pahala pazuri, na sisi walimu tuko tayari.

Mtoto akirudi, msimfanye mpelelezi. "Kwa baba umemkuta nani? Nani kapika? Analala wapi yule mwanamke?" Mtoto wa miaka minne anataka kukufurahisha. Akiona ukisikia mabaya unamkumbatia, atakutafutia mabaya, na yakikosekana atayatunga. Kisha mtakwenda kuyabeba mahkamani kama ushahidi. Na lile swali la mashangazi na makhaloo, "unampenda nani zaidi, baba au mama?", naomba kuanzia leo tuliache. Kumchaguza mtoto ni kazi ya kadhi, na ni kwa mtoto aliyefikia kupambanua, kwa utaratibu wake. Si mchezo wa kumchezesha mtoto wa miaka mitatu mbele ya wageni huku mnacheka.

Tena mjue kwamba mtoto mdogo akibadilisha nyumba huweza kulia, kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, kukataa chakula siku moja mbili. Hiyo peke yake haina maana kwamba kule amefanyiwa ubaya. Mpeni muda, mfanye mambo yaleyale saa zilezile, atatulia.

Lakini nasema hivyo huku nikijua lipo la pili. Akawa kila siku ya kwenda anatetemeka, anamkimbia mtu fulani, ana alama mwilini asizoweza kuzieleza, anasema maneno ambayo mtoto wa umri wake hapaswi kuyajua, basi yote niliyoyasema juu ya kugawana siku yasimame. Mpeleke hospitali, kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili, na polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Usimwoshe kwanza, usibadilishe nguo zake, usikubali wazee wakae kikao cha kusameheana. Hali kadhalika pale ambapo mama alikuwa akipigwa na bado anatishiwa: asilazimishwe kwenda kukabidhi mtoto mikononi mwa aliyempiga. Baba huyo amwone mtoto nyumbani kwa mtu mzima anayeaminika, mbele ya macho, mpaka kadhi aseme vyengine. Haki ya mtoto kumwona baba haiwi sababu ya mama yake kuvunjwa mkono mara ya pili.

Nina maneno machache kwa ambao baina yao ipo bahari. Baba yuko Unguja, kazi ya hoteli, mama na mtoto wako huku. Mtoto akiwa mdogo, anayesafiri awe baba. Chukua likizo yako, panda boti bandari ya Malindi huko Unguja, shuka Mkoani, lala kwa ndugu zako, na mwone mwanao asubuhi na jioni siku zote utakazokuwepo. Hiyo ina faida kwake kuliko kuvushwa akakae miezi mitatu na watu asiowajua huku wewe uko zamu ya usiku. Na tusimpakie mtoto botini na "mtu anayekwenda huko". Bahari ile tunaijua sote, hapa hakuna nyumba isiyoijua. Mtoto asafiri na mzazi wake au na ndugu aliyemzoea, mchana, na anayempokea awe ameshafika bandarini kabla ya boti.

Ipo na hili la kuolewa. Inajulikana hadithi ya yule mama aliyekwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akalalamika kwamba mumewe amemwacha na anataka kumnyang'anya mtoto, akaambiwa yeye ana haki zaidi madhali hajaolewa. Hadithi hii baadhi ya wanaume wanaitumia kama fimbo: "Olewa tu, utaona." Mama kijana anakaa miaka, anakataa posa za heri kwa hofu. Mafakihi wetu hawakusema akiolewa mtoto abebwe usiku ule. Baada ya mama huja bibi mzaa mama, na mara nyingi nyumba ni ileile au ya pili yake. Kaeni, zungumzeni, mwende kwa kadhi. Na kwa vyovyote, siku za mtoto kumwona mama yake hazifi kwa ndoa, kama ambavyo siku za baba hazifi alipooa.

La mwisho ni hii miaka saba. Wapo akina baba wanaoihesabu. Mtoto anazaliwa, wanaachana, baba anapotea, kisha mwaka wa saba anatokea na mjomba wake na ami yake, amekuja kuchukua "mtoto wangu amefika umri". Namuuliza mtu huyo mbele yenu: huyo mtoto atamchagua nani? Utamleta mbele ya kadhi, umwambie huyu mama yako na huyu baba yako, naye huyu wa pili hajawahi kumwona akimfunga kamba za viatu. Kama unataka siku hiyo mwanao akutazame na akujue, anza mwaka huu, akiwa na miaka miwili, kwa nusu saa barazani.

Bwana Sheha, nina ombi kwako. Anapokuja mtu kwako kwa jambo la talaka na wana mtoto mdogo, muulize na siku za mtoto zimepangwa vipi, kabla hujatia muhuri. Na nyinyi masheikh, mnaoitwa usiku kwenda kusuluhisha na mkashindwa kusuluhisha, msiondoke pale mpaka iwe imesemwa kesho mtoto ataamka kwa nani.

Karatasi nimezipiga chapa, ziko pale mezani karibu na mlango pamoja na kalamu. Zina mistari mitupu ya kujaza, hazina maneno magumu. Asiyejua kuandika nitamwandikia mimi mwenyewe, na kabla ya kutia dole gumba amtafute mtu anayemwamini amsomee. Walioachana na wote wawili wapo hapa leo, si lazima mkae meza moja. Sasa nasikiliza maswali, tuanze na mama zangu wa nyuma kule.